Sistimu ikilala, karani ndiye hushuka yadini

Kila nikisikia wakubwa wakisema usalama wa kompyuta ni kazi ya vijana wa kompyuta, roho huniuma. Mimi ni wakala wa kutoa mizigo hapa bandari ya Kilindini, Mombasa, na kwa nilivyoona, sistimu ya kompyuta ikilala, yaani ikiacha kufanya kazi, anayeingia hatarini kwanza ni mtu wa miguu.

Siku ya kawaida sistimu ndiyo humwonyesha dereva wa mtambo wa kuinua makontena kontena liko laini gani, la ngapi kutoka chini. Ikilala, karani huvaa koti la rifleksa, hushika karatasi na kalamu, na kujipenyeza kati ya makontena asome nambari mlangoni: herufi nne, tarakimu saba, kisha jingine. Mtambo ukija na kontena mbele, dereva haoni kilicho chini yake. Nimeshuhudia kijana akivutwa kola na mwenzake, na gurudumu refu la kumfika kifuani likapita pale pale alipokuwa.

Ndiyo maana Julai 2021, Transnet, shirika la bandari na reli la Afrika Kusini, liliposhambuliwa kimtandao na vituo vyake vya makontena, vikiwemo vya Durban na Cape Town, vikarudia kazi ya mkono, wengine walizungumzia foleni za malori. Mimi niliwawazia makarani.

Na bandari ya Antwerp, Ubelgiji, je? Walanguzi wa dawa za kulevya waliingilia kompyuta wakajua kontena lao liko wapi, wakatuma madereva wao walichukue kabla ya mwenyewe. Walipozibiwa njia hiyo, walivunja ofisi zenyewe wakapachika vifaa vya kunasa kila herufi inayopigwa. Mlango wa ofisi na nywila ni ulinzi mmoja.

Sasa tazama ofisi zetu mjini. Nywila moja, watu wote. Imebandikwa kwenye skrini, na dereva akikwama getini husomewa kwa simu. Mtu akiingia kwa jina lako akabadilisha hati, kontena la kalsiamu kabaidi likaandikwa sabuni, moto ukizuka wazimamoto watakuja na maji, na kabaidi ikilowa hutoa gesi inayowaka. Hao ni baba za watu wa Changamwe na Likoni.

Kila mtu awe na nywila yake, hilo halina mjadala. Na kama tunavyofanya zoezi la moto, tufanye la sistimu kulala: mitambo ya laini ile izimwe, karani aingie, asome, atoke, ahesabiwe, ndipo dereva awashe.