Nilivyoifanya Lua isome mizani Kibaigwa, kwenye Windows na Linux

Kama kuna ushauri ulionipotezea muda, ni ule wa "funga kila kitu humohumo ndani ili plagini isikose kitu" (plagini ni kipande cha programu kinachochomekwa kwenye programu kubwa). Nilipewa na jamaa anayeheshimika sana kati yetu tunaoandika programu hapa Dodoma, tena kwa nia njema. Ni upuuzi. Naeleza ilivyokuwa ili mwenzangu usiingie mkenge.

Mama mmoja mwenye ghala la mahindi Kibaigwa alitaka gunia likipanda mizani, uzito uingie kwenye kompyuta moja kwa moja, karani asiandike kitu. Anayelijua soko lile anaujua ugomvi wa lumbesa. Mkulima siku hizi haamini daftari la mtu. Programu ya stoo nilishamwandikia kwa lugha ya Lua, toleo la 5.3. Inakaa kwenye laptopu ya Windows ndani ya ghala, na kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo yenye Linux, pale kwenye mizani ya nje. Mwanawe aliyeko mjini naye akasema anaitaka kwenye Mac yake.

Shida ni kwamba Lua yenyewe haijui habari za waya wa siriali, ule unaoleta namba kutoka kwenye mizani. Unaiandikia plagini kwa lugha ya C: faili la .so kwa Linux, .dll kwa Windows, lenye fankisheni ya kuanzia, yangu luaopen_mizani. Ukiandika require "mizani", mashine pepe ya Lua (VM, ile injini inayoendesha programu) inaitafuta na kuiita. Namba zinapita kwenye staki, yaani rundo la pamoja: C inasukuma, Lua inachukua. Hiyo sehemu haina mambo.

Mshauri wangu akasema niichukue liblua.a, yaani Lua nzima, niifungie ndani ya plagini. Kwenye kompyuta yangu ya Ubuntu (Linux) nyumbani ikaenda bila hata kukohoa. Nikapanda Coaster pale Nane Nane, flashi mfukoni, kifua mbele. Nafika ghalani, naweka kwenye Windows, nawasha: "multiple Lua VMs detected".

"Mwanangu, inasemaje hiyo?"

"Inasema kuna Lua mbili, mama."

"Na wewe ulileta ngapi?"

Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa na wataalamu. Niliileta ya pili, bila kujua. Kwenye Linux, programu ya lua huwa imeyaanika majina ya fankisheni zake, kwa hiyo plagini ikipakiwa, majina ya programu mama ndiyo yanayoshinda na ile nakala ya ndani inalala tu. Ndiyo maana nyumbani sikuona kitu. Windows haina huruma hiyo: DLL iliyofungiwa Lua yake hutumia Lua yake. Sasa luaL_newlib ya Lua 5.3, fankisheni inayosajili plagini, huwa inafanya ukaguzi mdogo, inalinganisha anwani moja ya kumbukumbu upande wa plagini na upande wa mashine inayoendesha programu. Zikitofautiana, inagoma.

Nikampigia mshauri. Akajibu, "Kaka, ondoa huo ukaguzi, luaL_checkversion ni usumbufu tu." Nikamshukuru, nikakata simu. Yapo matoleo ya Lua yanayotambua jedwali tupu kwa anwani ya kipande kimoja cha kudumu cha kumbukumbu. Ukiwa na nakala mbili, kila moja ina chake, na moja itajaribu kuachia kumbukumbu ambayo haikuwahi kuomba, na programu inakufa katikati ya kupima. Afadhali igome asubuhi kabla foleni haijajaa.

Dawa ni kuitoa Lua kabisa ndani ya plagini. Linux usiunge laibrari yoyote ya Lua, majina yatapatikana wakati wa kupakiwa. Windows unga na lua53.dll, na lua.exe nayo iwe inatumia lua53.dll hiyohiyo, jina lifanane herufi kwa herufi. Plagini ikabaki ya kilobaiti chache, na ile kelele ikaisha.

Raspberry Pi ikaja na lake. Kompaila ya Ubuntu yangu (inayogeuza C kuwa faili la mashine) ilitoa faili linalodai GLIBC_2.34, yaani toleo la 2.34 la glibc, laibrari ya msingi ya C kwenye Linux. Pi ina ya zamani. Nilikuwa na uzi (thread, kazi inayokwenda sambamba na programu) unaosoma mizani pembeni, na pthread_create, fankisheni inayouanzisha, ndiyo iliyoleta dai hilo. (Uzi huo usiguse lua_State, hali ya ndani ya Lua, hata kidogo! Uweke uzito kwenye akiba, Lua ije ichukue yenyewe.) Watu wakaniambia ninunue Pi nyingine ya kukompailia. Nikapakua Zig, kifurushi chenye kompaila yake, mzigo chini ya megabaiti 100, bando la kawaida linatosha. Kumbe zig cc inakompaili C ya kawaida kwa mashine za aina nyingi ukiwa umekaa palepale: -target aarch64-linux-gnu.2.28 kwa Pi, -target x86_64-windows-gnu kwa laptopu ya ghala. Hiyo 2.28 mwishoni ndiyo toleo la glibc unalolitaka. Tangu hapo sijawasha Windows kwa ajili ya kukompaili.

Lakini ninachojivunia mimi ni COM11, jina ambalo Windows iliupa mlango wa mizani. Plagini ilikuwa imetulia, siku moja karani ananipigia, mizani imekufa. Nafika, mizani nzima, inawaka, inaonyesha kilo. Nikaenda kwenye mipangilio ya Windows, nakuta kigeuzi cha siriali kwenda USB (cha bei rahisi, elfu kumi na tano au ishirini hivi) kimehama kutoka COM4 kwenda COM11. Karani alikuwa amekichomeka tundu jingine ili achaji simu. Vigeuzi vya aina ile havina namba ya utambulisho, kwa hiyo kila tundu kinahesabiwa kifaa kipya, na namba za katikati zilishaliwa na modemu za zamani za intaneti. Nikabadilisha mipangilio kuwa COM11, wapi. CreateFile, fankisheni ya Windows ya kufungua mlango, inakubali COM1 hadi COM9 kwa jina tupu. Kuanzia COM10 lazima utangulize \\.\ mbele, na ndani ya C kila mkwaju wa nyuma unaandikwa mara mbili. Nikauweka kwa zote, maana hata COM4 inaukubali. Karani achaji anakotaka.

Halafu usitumie long, aina ya namba nzima ya C, kuhifadhi jumla ya gramu. Kwenye Windows ya biti 64 bado ni biti 32, ukipita tani 2,147 jumla inageuka hasi, wakati Linux inaendelea kucheka. Tumia lua_Integer. Na usitegemee mstari ufike mzima: mizani inatuma ST,GS,+00098.40kg, wewe unapokea ST,GS,+000 kwanza, mengine baadaye. Kusanya mpaka uone mwisho wa mstari.

Mac sikuikompailia chochote. Pale mjini hakuna mizani, ila programu ikikosa plagini haiwaki. Nikaandika mizani.lua, mistari michache ya Lua tupu inayorudisha kilo 98.40 kila ikiulizwa. Inafanya kazi, na hata mimi naitumia nikiwa nyumbani bila mizani. Ila ukiiga hili, faili hilo lisifuatane na mengine kwenda ghalani: require huangalia mafaili ya .lua kabla ya .dll, italipata hilo kwanza, na kila gunia litakuwa na kilo 98.40 bila kosa lolote kuonekana kwenye kioo.