Kuzitoa Nyaraka Kabatini

Kwa miaka mingi niliamini kwamba nyaraka za shirika la hisani hulindwa kwa kufungiwa kabatini. Baada ya kuwafundisha wanaojitolea na kuwapokea wanafunzi, siamini hivyo tena. Tamko la kimataifa kuhusu nyaraka, lililoidhinishwa na UNESCO mwaka 2011, linataka zifikiwe na watu wote, mradi sheria na haki za wahusika ziheshimiwe.

Mafunzo huanza na mambo madogo: kuandika kwa penseli badala ya wino, kuondoa pini zenye kutu, na kushika karatasi kwa mikono safi na mikavu, kwani glavu hupunguza wepesi wa vidole na karatasi kuukuu huchanika, glavu tunaziacha kwa ajili ya kushikia picha. Gumu zaidi ni kumzuia mtu mwenye bidii asipange upya kila kitu, kwa sababu barua iliyong'olewa kwenye jalada lake hupoteza sehemu kubwa ya maana yake.

Kwa wanafunzi, huweka mezani kumbukumbu za kikao, ukurasa wa daftari la hesabu na nakala ya barua ya kuomba msaada, ambayo jina la mwombaji limefichwa, nami hilo silifanyii mzaha kamwe. Nawauliza nani aliandika, alimwandikia nani, na sauti ya nani haisikiki. Swali hilo la mwisho ndilo huwafanya wairudie barua, wakiisoma taratibu zaidi.