Kituo cha tano

Ijumaa Kuu ya 2024, tarehe 29 Machi, iliangukia ndani ya Ramadhani. Mtaani kwetu Maweni, hapa Malindi, sote tulikuwa na saumu: majirani Waislamu ya kwao, sisi Wakatoliki ya kwetu.

Nilikuwa nimepewa kusoma kituo cha tano cha Njia ya Msalaba, pale Simoni Mkirene anapobebeshwa msalaba wa Yesu. Wiki nzima nilikisoma kwa sauti huku nikisukuma mahamri, mpaka mwanangu akakijua kwa ghibu.

Nimefika mlangoni, kitabu mkononi, mjukuu wa jirani akaja mbio. "Mama, nyanya anatetemeka!" Nasema kweli mbele ya Mungu, jambo la kwanza nililofanya ni kutazama saa. Nikamwambia mtoto amwite shangazi yake. Shangazi yake anaishi Mombasa, na mimi nilijua anaishi Mombasa.

Nikaingia. Nyanya ameketi mkekani, dera limemganda mgongoni kwa jasho, vidole vinacheza kama anayevuta tasbihi. Ana ugonjwa wa sukari miaka mingi, anajidunga sindano, na alikuwa amefunga ingawa watoto wake walimkataza. Nikakoroga sukari vijiko vitatu kwenye kikombe cha maji. Akafumba mdomo.

Mkristo kumwambia mzee wa Kiislamu afungue saumu yake si jambo jepesi. Niliona haya. Nikamwambia, "Nyanya, mgonjwa ana ruhusa, atalipa siku nyingine. Si wewe uliyenifundisha?" Ndiye, mwaka ule nilipokuwa na mimba nikashikilia kufunga Kwaresima nzima. Akanitazama kitambo, akasema bismillahi, akanywa. Nusu ilimwagika kwenye leso yangu niliyoipigia pasi kwa ajili ya ibada.

Tukapanda tuktuk mpaka hospitali. Kipimo cha sukari kikasoma 3.1, bado iko chini, hata baada ya yale maji ya sukari. Tukakaa benchi hadi alasiri. Katekista akapiga simu mara tatu. Kituo changu akasoma mwingine.

Nilikuwa na hasira, na sikujua ni ya nani. Nikafungua Marko 15. Simoni alikuwa akipita tu, akitoka shamba, wakamshurutisha. Neno hilo nilikuwa nimelitamka wiki nzima bila kulisikia. Hakujitolea yule. Pengine alikuwa na njaa, pengine kwake walikuwa wanamngoja. Sisi huomba sana tupewe moyo wa huruma, na naamini wengi wetu tunaungoja moyo huo huku mgonjwa anatetemeka nyumba ya pili.

Lakini siku ile haikuwa ngumu sana. Siku ya dharura watu wanakuona, wanakupa pole. Ugumu ulianza wiki iliyofuata, binti yake aliponipigia kutoka Mombasa akaniomba niwe nampima mama yake kila asubuhi kabla ya sindano. Saa kumi na mbili ndipo mafuta yangu yamechemka na vijana wa boda wanasubiri mahamri na mbaazi. Nyanya naye hapimwi kwa haraka. Lazima salamu zikamilike, lazima aulize hali ya mama yangu, kisha atoe kidole, akirudishe, atoe kingine. Kuna asubuhi nimempima nimenuna. Asubuhi mbili sikwenda kabisa, nikasingizia mvua. Hayo nimeyaungama, na padri hakuniambia mengi. Aliniuliza tu kama kesho yake nilikwenda.

Nilikwenda.

Leo kipimo kimesoma 6.2. Nyanya akataka nimtajie tena, polepole, akaitikia alhamdulillahi. Nilipokuwa namfuta kidole akanusa hewa, akanisukuma begani. "Nenda mwanangu, mahamri yanaungua."

"Yupo kijana jikoni," nikamwambia, nikavuta kigoda. Alikuwa bado hajaniuliza habari za mama.