rsync ilikuwa inatuma folda niliyoizuia: jinsi nilivyotatua

Dalili: kompyuta ya duka Kariakoo inatuma nakala usiku kwenda seva ya mbali kwa rsync, programu ya kunakili mafaili. Folda ya video imezuiwa, lakini bando linakata kabla hakujakucha, na ukichungulia seva video zimo. Amri ilikuwa hii:

rsync -av --exclude='/home/duka/video/' /home/duka/ nakala@seva:/hifadhi/

Kubadili nukuu hakukusaidia. Kuzuia *.mp4 kulisaidia nusu tu, maana kamera huandika .MP4 na rsync inatofautisha herufi kubwa na ndogo.

Kiini ni mkwaju (/) wa mwanzo. Ndani ya kanuni ya kuzuia, huo mkwaju hauanzii kwenye mzizi wa diski. Unaanzia pale uhamishaji unapoanzia. Chanzo kikiwa /home/duka/, kwa rsync folda ya video inaitwa /video/, basi kanuni inakuwa:

--exclude='/video/'

Angalia na mkwaju wa mwisho wa chanzo. Ukiandika /home/duka bila huo, jina la folda nalo linaingia kwenye njia, hivyo kanuni inakuwa '/duka/video/'. Kakitu kadogo, ila ndiko kanakokula bando.

Kabla ya kutuma, jaribu kwa -avvn: hakuna kinachonakiliwa, na utaona mstari unaotaja folda iliyofichwa na kanuni iliyoificha.

Video za zamani zitabaki kwenye seva. Chaguo la --delete (kufuta kwenye seva kisichokuwepo kwenye chanzo) peke yake haligusi vilivyozuiwa. Ongeza --delete-excluded, lakini kwanza iendeshe na -n (kujaribu tu) usome orodha yote, kwani itafuta kila kinacholingana na kanuni zako.