Mnaoniuliza Kuhusu Leza ya Uso, Someni Kwanza Hapa

Tangu ndugu na jamaa wajue kwamba nafanya kazi ya uuguzi kwenye kliniki ya ngozi huku Leeds, Uingereza, simu yangu haitulii. Binamu yangu wa Mwanjelwa ananitumia picha za shavu lake lenye mashimo ya chunusi. Shemeji yuko Mafinga, anataka kutoa madoa yaliyomtokea alipokuwa mjamzito. Shangazi wa Uyole anaulizia binti wa jirani aliyemwagikiwa na uji wa moto utotoni. Wote wanamalizia na swali lilelile: "Inatoa au haitoi?" Na hela wanayotaka kuitoa ni ya kuuza ng'ombe au kiwanja. Kwa hiyo leo naandika kwa urefu.

Leza ya kufanya ngozi upya ni jeraha. Ni jeraha la makusudi, lililopimwa, lakini ni jeraha. Mwanga wa mashine unafyonzwa na maji yaliyomo kwenye ngozi, maji yanapata moto ghafla, ngozi ya pale inaungua, halafu mwili unaanza kuponya na kujenga kolajeni mpya, yaani nyuzi zinazoipa ngozi uimara. Uzuri mnaouona kwenye picha za kabla na baada umeletwa na huko kupona. Ndiyo maana nikiulizwa mashine gani ni nzuri, mimi nauliza kwanza: wewe kidonda chako huwa kinaponaje? Ukikwaruzwa na mti wa kuni, pale panabaki peusi kwa miezi? Ulipotoboa sikio, liliota kinundu? Mwenye asili ya kuota keloidi, yaani kovu linalovimba na kukua kupita kidonda chenyewe, asikubali leza ya kuchuna uso hata apewe bure.

Kuna leza zinazochuna, yaani zinazoondoa ngozi ya juu, na zisizochuna. Zinazochuna ni kama ya kaboni dioksidi, ya nanomita 10,600 (ndicho kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), na ya erbiamu, ya nanomita 2,940. Zamani zilipitishwa uso mzima, mtu akakaa na kidonda kibichi wiki mbili na wekundu kwa miezi. Mbaya zaidi, wengine ngozi yao ilikuja kupauka miezi mingi baadaye, wakidhani wameshapona. Mwaka 2004 watafiti wa Boston walichapisha njia ya kuugawa mwanga vitone vitone, ili kati ya kitone na kitone ibaki ngozi nzima ya kusaidia kuponya. Zisizochuna, kama ile ya nanomita 1,550, hupasha moto ndani huku ngozi ya juu ikibaki haijafunguka. Kwa watu weusi madaktari ninaofanya nao kazi hupendelea kuanza na hizi, tena kwa vitone vichache. Wingi wa vitone ndio unaoleta weusi kuliko hata kina chake, na hilo ni swali halali kabisa kumuuliza atakayeshika mashine.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu huko nyumbani nasikia watu wanasema leza "inakula weusi". Hizi ninazozizungumzia hazitafuti weusi, zinatafuta maji. Tatizo letu linakuja baadaye. Ngozi yetu ikipata joto na kuvimba, chembe zinazotengeneza melanini zinaamka na kumwaga rangi kupita kiasi. Unakwenda kutoa kovu, unarudi na viraka vyeusi vilivyopangika miraba miraba kufuata kichwa cha mashine. Nimewapokea hapa kliniki wadada wa Kiafrika wakiwa hivyo, wametoka saluni ambako hakuna aliyewauliza lolote kuhusu ngozi yao. Kile kipimo cha rangi za ngozi kinachotumika duniani, cha daktari Thomas Fitzpatrick, kilipoanza mwaka 1975 kilikuwa cha watu weupe tu. Sisi wa aina ya tano na ya sita, yaani wenye ngozi ya kahawia na nyeusi, tuliongezwa baadaye. Kwa hiyo muulize mtaalamu wako, bila aibu: umeshawafanyia watu weusi kama mimi? Naomba nione picha zao baada ya miezi sita. Na afanye jaribio kwanza sehemu ndogo, nyuma ya taya au mbele ya sikio, msubiri wiki kadhaa. Akikataa kujaribu, chukua mkoba wako uondoke.

Sasa jua. Watu wa Nyanda za Juu tunajidanganya sana kwa baridi. Mwezi wa saba Makete maji yanaganda kwenye ndoo, mtu amejifunga mablanketi, anaona jua halimhusu. Lakini mionzi inayochoma ngozi haina habari na baridi. Inaongezeka kwa takriban asilimia 10 kila ukipanda mita 1,000, na mji wa Mbeya uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, tena karibu na ikweta. Uso uliotoka kupigwa leza ukitembezwa Kabwe saa sita mchana bila kofia, rangi itarudi na nyongeza. Mafuta ya kuzuia jua ya kiwango cha 30 au zaidi, yenye zinki, yaanze kutumika wiki kadhaa kabla na yaendelee baada. Anayelima viazi Isyonje au kuchuma chai Rungwe asipange leza msimu wa shamba. Kama hana namna ya kukaa ndani, heri aache kwanza.

Shemeji, madoa ya ujauzito hayaanzi na leza. Joto linaweza kuyachochea yakarudi meusi zaidi. Anza na mafuta ya jua yaliyotiwa rangi ya ngozi, yenye oksidi ya chuma, maana hata mwanga wa kawaida unayakoleza madoa hayo, kisha daktari akuchagulie dawa ya kupaka. Binamu, mashimo mapana yatapungua kina baada ya vikao kama 3 hadi 5, vya kupishana wiki 4 hadi 6. Yatapungua, hayatafutika. Yale membamba marefu, kama yametobolewa kwa sindano, leza haiyafikii vizuri, yana tiba zake nyingine. Na kama unameza aisotretinoini ya chunusi, sema. Kwa leza ya kuchuna madaktari wengi husubiri miezi sita baada ya kuiacha.

Binti wa Uyole habari yake ni tofauti, na ninamwombea afike mbali. Makovu ya moto siku hizi yanatibiwa kwa leza ya vitone ya kaboni dioksidi, nayo hulainisha na kupunguza kuwasha. Ila kama shingo haigeuki au kidole hakinyooki, aanzie kwa daktari wa upasuaji na mtu wa mazoezi ya viungo pale hospitali ya rufaa.

Jambo lingine ni mkorogo. Kipodozi chenye zebaki au haidrokwinoni kimepigwa marufuku Tanzania, lakini wote tunajua makopo yasiyo na lebo yanavyouzwa. Mengi yana steroidi inayofanya ngozi kuwa nyembamba. Ngozi hiyo ukiipiga leza, daktari anapima nguvu kwa ngozi asiyoijua. Mwambie unachopaka, hata kama mumeo au mama mkwe hajui. Mwambie pia kama huwa unatokwa na vidonda vya homa mdomoni, akupe dawa ya virusi mapema, maana leza huviamsha vikasambaa uso mzima.

Siku yenyewe utapakwa ganzi kama saa nzima, utavalishwa kinga ya macho, utapuliziwa hewa baridi, na utasikia harufu ya nywele zinazoungua. Kesho yake uso umevimba. Siku ya tatu una vitone vya kahawia, ukigusa inakwaruza kama msasa. Usibandue. Maji safi, mafuta ya mgando, basi. Limao, mshubiri wa bustanini, kujifukiza, vyote weka mbali.

Wanaopanga kwenda kufanyia Dar, fikirieni na kurudi. Ni zaidi ya kilomita 800 za basi, umekaa dirishani, jua la Mikumi na vumbi, uso mbichi. Panga kwa ndugu ukae hadi ngozi ifunge, na uondoke na namba ya simu ya aliyekufanyia, siyo ya mapokezi. Maumivu yakizidi badala ya kupungua, usaha ukitoka, malengelenge yakisambaa au ukipata homa, mpigie siku hiyohiyo. Asipopokea, nenda hospitali iliyo karibu na uwaeleze ni leza gani ulipigwa na lini. Hayo uandikiwe kwenye karatasi kabla hujalipa.