Jinsi nilivyoithibitisha theoremu ya uendelevu ndani ya Lean

Theoremu yenyewe huandikwa ubaoni kwa mistari michache: kila fankshoni ya mstari f kutoka ℝⁿ (vekta za namba halisi n) kwenda nafasi ya vekta yenye kipimo cha urefu ni endelevu, yaani x ikibadilika kidogo, f(x) nayo hubadilika kidogo. Niliichagua kwa makusudi kwa kuwa imekaa mpakani, nusu yake ikiwa aljebra ya mstari na nusu uchanganuzi, nami nilitaka kuona nusu hizo zinavyoungana mbele ya programu isiyokubali hatua yoyote bila sababu. Programu hiyo ni Lean, aliyoianzisha Leonardo de Moura mwaka 2013 akiwa Microsoft Research. Nilitumia pia Mathlib, hazina ya hisabati ambayo wanahisabati wa nchi nyingi wamekuwa wakiijenga kwa pamoja tangu 2017.

Kwa anayeanza hapa Mombasa akitegemea bando la simu, la kwanza ni kutoiacha kompyuta iichakate Mathlib yote peke yake, maana itachemka kwa saa nyingi. Ipo amri ya kupakua mafaili yaliyokwisha kuchakatwa. Yakishafunguliwa ni gigabaiti kadhaa, na mimi niliyapakua ofisini kwa rafiki huko Tudor. Baada ya hapo kazi yote hufanyika bila mtandao.

Kilichonichukua muda zaidi ni kuiandika kauli, kuliko hata kuithibitisha. Mwalimu mwenzangu, ambaye hukaa nami baada ya Alasiri kupitia kazi hizi, aliutazama mstari wa kwanza akaniuliza, “Mwalimu, urefu uliokusudia hapa ni upi?” Swali hilo ndilo kiini cha jambo. Darasani tukisema urefu wa vekta, kila mtu huelewa kipeuo cha pili cha jumla ya miraba. Katika Mathlib, vekta ya kawaida ya ℝⁿ ni fankshoni inayokipa kila kiashiria namba halisi, na urefu wake ni thamani kamili iliyo kubwa kuliko zote miongoni mwa namba hizo. Kwa hiyo vekta (3, 4) ina urefu wa 4. Anayetaka 5 hana budi kutumia aina nyingine, iitwayo EuclideanSpace. Niliuchagua ule wa kwanza, kwa sababu ndani yake |xᵢ| ≤ ‖x‖ (hakuna namba ya vekta x inayozidi urefu wake ‖x‖) hupatikana mara moja, nao unatosha kabisa kwa theoremu hii.

Baada ya uamuzi huo, aljebra ilikwenda upesi. Unaiandika x kuwa jumla ya xᵢeᵢ, ambapo eᵢ ni vekta yenye 1 katika nafasi ya i na 0 kwingineko, unaipitisha f ndani ya jumla, unatumia kanuni ya pembetatu, na unapata ‖f(x)‖ ≤ C‖x‖, ambapo C ni jumla ya ‖f(eᵢ)‖. Kila hatua ina lema yake (theoremu ndogo ya kusaidia) tayari: map_sum, norm_sum_le, norm_le_pi_norm.

Mathlib ina njia ya mkato kutoka hapo, LinearMap.mkContinuous, lakini niliiweka kando ili nipite kwa epsiloni na delta, jinsi wanafunzi wanavyofundishwa: kwa kila ε kubwa kuliko sifuri unatafuta δ kubwa kuliko sifuri, ili x na y zikiwa karibu kuliko δ, f(x) na f(y) ziwe karibu kuliko ε. Mazoea ya ubaoni ni kuchukua δ = ε/C. Sasa, f ikiwa ni fankshoni ya sifuri, C nayo ni sifuri. Lean hailalamiki ukigawanya kwa sifuri, kwa kuwa humo ε/0 imefasiliwa kuwa 0 ili kugawanya kuwe na jibu daima. Inachodai ni uthibitisho kwamba δ ni kubwa kuliko sifuri, na huo hauwezi kupatikana. Dawa yake ni kuchukua δ = ε/(C + 1), kisha amri ya positivity inamaliza dai hilo yenyewe, mradi iwe imeonyeshwa kwamba C si hasi. Naona fahari kubwa kuwaonyesha wanafunzi pengo hili, kwani macho ya msomaji mzoefu hulipita bila kuliona, na programu hulisimamia mpaka lizibwe.

Hivi sasa tunashughulikia ditaminanti, namba ya matriksi ya mraba ambayo isipokuwa sifuri, matriksi hiyo ina kinyume. Mathlib huifasili kama jumla inayopita juu ya mipangilio yote ya viashiria, kila mpangilio ukiwa na alama yake (+ au −) na zao lake la viingizo vya matriksi. Kwa hiyo uendelevu wake hutokana na jumla na mazao tu. Kutoka hapo tunataka kuthibitisha kwamba matriksi zenye kinyume huunda seti wazi (matriksi ya namna hiyo ikibadilishwa kidogo sana, bado ina kinyume), na kauli yake tumekwisha kuiandika.