Siku baba alipoipaka sifa pikipiki yangu

Mlio ule niliusikia mara ya kwanza nikipanda kilima baada ya Chake Chake. Nikiachia mafuta, kak. Nikivuta tena, kak. Nikadhani ni boksi la nyuma limelegea, nikasimama pembeni ya barabara, nikakaza boliti zake nne, nikaendelea. Kilima kilichofuata, kak.

Ilikuwa Juni 2014, siku mbili baada ya Nisfu Shaabani. Nilikuwa nimevuka kutoka bandari ya Malindi, Unguja, hadi Mkoani, Pemba, kwa meli ya mizigo na abiria, na kusi lilikuwa limeshika. Pikipiki ilifungwa kamba juu ya sitaha, imefunikwa turubali, lakini turubali halizuii kitu bahari ikichafuka vile. Tulipofika Mkoani kioo cha mbele kilikuwa cheupe kwa chumvi. Watu wanne walinisaidia kuishusha, maana ile Honda ST1100, ambayo wenyewe huiita Pan-European, ina uzito wa karibu kilo 300 kabla hujaweka mzigo. Niliomba ndoo mbili za maji ya mvo, yasiyo na chumvi, kwenye nyumba ya jirani na bandari, nikaimwagia yote, ndipo nikaondoka kwenda Tumbe kwa baba.

Nilikuwa nayo kwa miezi minane. Ilitengenezwa mwaka 1998, ikatumika Uingereza, ikafika Unguja na spidi mita ya maili. Silinda nne, cc 1084, tangi la lita 28, yaani unaweza kwenda Nungwi na Makunduchi na kurudi mjini zaidi ya mara moja bila kutafuta kituo cha mafuta. Na haina cheni. Nguvu inakwenda gurudumu la nyuma kwa shafti. Aliyeniuzia alisema, "Shafti haina kazi, sheikh. Wewe tia petroli tu." Nilimwamini, kwa sababu nilitaka kumwamini.

Miezi ile minane niliitumia kuivisha. Niliitafutia kioo kirefu zaidi, kwa sababu kile cha zamani kilikuwa kinanipigisha upepo wa kifua nikipita Jozani asubuhi. Nikafunga boksi la nyuma lenye mto, ili abiria apate pa kuegemea. Nikafunga taa mbili za ziada chini ya uso wake. Jambo hilo nililifanyia hesabu vizuri, kwani jenereta ya Pan kuanzia mwaka 1996 inatoa ampea 40, na zile za mwanzo zilikuwa zikitoa 28. Mwenyewe wa Uingereza alikuwa amefunga vishikio vya kupasha mikono joto. Nikavitoa, lakini waya wake nikauacha, kwa sababu ulikuwa na fyuzi yake na rilei yake. Hapo ndipo nilipochomekea chaji ya simu. Kazi ile niliifanya kwa mikono yangu na mpaka leo naiona ni kazi safi.

Oili nilimwaga kwa wakati. Pedi za breki nilibadilisha. Gurudumu la nyuma sikuwahi kulitoa hata mara moja.

Nilimkuta baba pwani. Lilikuwa bamvua, na kwa bamvua kule Tumbe mashua hupandishwa juu maji yakijaa, yakitoka zinabaki kavu, mafundi wanapata nafasi ya kuzihudumia matumbo. Baba alikuwa fundi wa mashua tangu kabla sijazaliwa. Vijana wawili walikuwa wakitwanga chokaa na shahamu kutengeneza deheni, dawa ya kupaka tumbo la mashua, na yeye alikuwa ameinama chini ya ubavu wa mashua, akipitisha kidole kwenye maungio ya mbao kutafuta pale ambapo kalafati, pamba ya kuziba maungio, imelegea.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. N'lokuwa nakusikia tokea kule juu. Kinalia nini hicho?"

Nikamwambia ni boksi. Hakujibu. Alinawa mikono, akapanda nami mpaka kwenye kivuli cha mwembe nilipoegesha, akaniambia niipandishe stendi ya kati na niwashe, niingize gia ya kwanza. Akaweka kiganja kwenye mkono wa nyuma unaoshika gurudumu. "Achia. Vuta. Achia." Kisha akaweka kiganja juu ya boksi. Kisha akarudi kule kule chini.

"Si juu. Humu ndani mna chuma kilichokauka. Fungua."

Baba hakuwahi kumiliki hata vespa. Mimi nilikuwa nimekisoma kitabu cha pikipiki ile mpaka kurasa zimelegea. Lakini nilifungua.

Kulitoa gurudumu la nyuma la Pan si kazi ya dakika kumi. Kwanza nilitaka kutoa boksi la nyuma ili kupunguza uzito, na hapo nikapata aibu ya kwanza. Boliti nilizofunga zilikuwa za chuma kisichoshika kutu, zinang'aa, nilizichagua kwa mng'ao huo. Nilizipachika kwenye kichanja cha alumini zikiwa kavu. Mbili hazikutoka. Alumini ilikuwa imefanya unga mweupe kuzunguka nyuzi za boliti na kuzibana kama saruji. Metali mbili tofauti zikikutana na maji ya chumvi katikati yake, ile dhaifu huliwa, na hapa iliyokuwa ikiliwa ni alumini. Baba aliugusa ule unga kwa ukucha. "Sisi msumari hatuupigi mkavu," alisema. "Unauzungushia pamba yenye mafuta, ndo unaupiga." Hayo tu. Tukaliacha boksi palepale.

Vijana wa deheni wakaleta magogo ya mashua, tukaikinga pikipiki isiyumbe. Nikafungua kalipa ya breki nikaining'iniza kwa kamba, nikatoa ekseli, nikalivuta gurudumu kando mpaka likaachana na meno ya shafti. Likamwaga unga mwekundu. Ulikuwa laini kama pilipili ya kusaga, ukaniingia kwenye vidole. Ni chuma kilichosagana na chuma kwa muda mrefu, kikavu, kila nilipovuta mafuta na kila nilipoachia. Meno ya kwenye gurudumu yalikuwa yameliwa. Hayajachongoka bado, lakini ukiyapapasa unasikia bega pale yanapogusana.

Nilikaa chini kabisa, mgongo kwenye mwembe. Taa mbili, kioo, chaji, mto wa kuegemea. Na kitu hiki ndicho kinachoisukuma pikipiki nzima.

Kitabu cha Honda kinataka meno yale yapakwe dawa nzito yenye molibdeni, zaidi ya asilimia 40, kila gurudumu linapotolewa. Grisi ya kawaida hurushwa nje na mzunguko, meno yanabaki matupu. Tumbe hakukuwa na dawa hiyo. Nilimpigia simu fundi wa magari ya abiria Konde, akasema anayo grisi nyeusi ya sivijointi, vile viungo vya ekseli za gari. Hiyo nayo ina molibdeni, kidogo sana kulinganisha na ile dawa, lakini ina. Kijana mmoja akaifuata kwa baiskeli, akarudi na kikopo cha maziwa kilichojaa nusu.

Tulisafisha meno kwa mafuta ya taa na mswaki mpaka kutu yote ikatoka. Nilipochota grisi kwa kijiti niibandike, baba alinishika mkono.

"Nyingi hiyo. Deheni ikiwa nene hubanduka. Unaipaka iingie, huipaki ionekane."

Akaipaka mwenyewe. Alichovya ncha ya kidole, akapita jino moja baada ya jingine, chini mpaka juu, anafuta inayozidi kwa kitambaa, anahamia linalofuata. Mikono yake ilikuwa bado na weupe wa chokaa kwenye mikunjo. Sikumharakisha. Maji yalikuwa yanarudi na mashua ilikuwa inamngoja, naye alikuwa anahesabu meno kwa sauti ndogo.

Ekseli nayo aliipaka kabla sijairudisha. Kisha akainama tena akatazama ule mkono wa nyuma, chini, mahali ambapo rangi ilikuwa imeshaanza kutoka malengelenge. Watu wenye ST1100 wanalijua tatizo hilo, chuma pale huoza kwa ndani na nje. Baba akamtuma kijana alete sifa.

Sifa ni mafuta ya papa, ndiyo yanayopakwa mbao za mashua juu ya mstari wa maji, na harufu yake aliyekulia pwani haisahau. Nilifunika diski ya breki kwa mfuko wa plastiki, kwa sababu tone moja tu pale lingetosha kuniua, naye akasugua kutu kwa msasa na kuupaka mkono wote kwa kitambaa, hata pale ambapo jicho halifiki. Miaka baadaye nilisoma kwamba nahodha mmoja Mskoti, Robert Fergusson, aliona mafuta ya samaki yakizuia kutu kwenye sitaha ya chuma, na kutokana na hilo akaanzisha rangi ya Rust-Oleum mwaka 1921. Nilimsomea baba kwa simu. Akaniuliza ni samaki gani.

Alasiri ile nilimpandisha nyuma, akaegemea mto wa boksi lililokataa kutoka, tukaenda Konde kurudisha kikopo. Njia nzima nilikuwa nikivuta na kuachia mafuta makusudi, nasikiliza. Mlio haukuwepo. Ekzosi ilipopata moto, harufu ya papa ikapanda, na baba akaniambia sikioni nisikimbize, anataka kuona mashamba.